Mbao, Mwambie Mama

Mume wangu alikwenda mnadani Kitale kununua plau, akarudi na mashua.

Naomba msicheke upesi, kwa sababu mimi sikucheka. Sisi tunakaa Tongaren. Hapa kuna mahindi, na ukimaliza kuangalia mahindi, kuna mahindi mengine nyuma yake. Ziwa liko mbali huko, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulalamika kwamba liko mbali. Lakini mwaka ule wa themanini na sita mzungu mmoja mzee mwenye shamba kule Kwanza, ng'ambo ya Kitale, alihama, vitu vyake vikapigwa mnada, na Absalom, mume wangu wa ndoa ya kanisani, akazipita plau zote nzuri akaenda kusimama mbele ya mashua.

Ililetwa juu ya trela ya trekta. Haikuwa kubwa. Ukiwapanga ng'ombe wawili mmoja nyuma ya mwingine, umeshapata urefu wake.

"Plau iko wapi?" nikamuuliza.

"Mama Dinah, plau ni chuma. Chuma inashika kutu. Hii ni mbao."

"Plau iko wapi, Baba Dinah?"

"Si tutaazima kwa jirani, bana. Majirani wako na plau. Lakini nitajie jirani moja hapa Tongaren mwenye ako na boti."

Sikuweza kumtaja. Hiyo ndiyo shida ya kuishi na Absalom. Ukimuuliza swali la akili, anakupa jibu la wazimu ambalo ni la kweli.

Aliyeisindikiza mashua alikuwa mzee mmoja mwembamba wa Kwanza, jina lake Kiptanui. Ndiye aliyeitunza kwa mzungu miaka mingi, na njia nzima alikuwa ameketi juu yake kwenye trela, mkono mmoja umeshika ukingo, kama baba anayempeleka binti kwa watu asiowajua. Alishuka, akaizunguka, akamwangalia ng'ombe wetu ambaye tayari alikuwa ameanza kujikuna ubavuni mwake, akatikisa kichwa.

"Mzee," akamwambia Absalom, "hii boti bila mbao ya kando itaisha mbio sana."

"Mbao ya kando ni nini?"

Hata kama angeambiwa kwamba mashua inahitaji kubatizwa, Absalom angemwita pasta siku hiyo hiyo. Kiptanui akaeleza. Mashua ikikaribia gati, nguzo za gati huigonga na kuikwaruza. Kwa hivyo unaning'iniza ubavuni mwake vigunia vilivyojazwa matambara, na nje ya vigunia unaning'iniza mbao nene iliyolala, kwa kamba mbili. Nguzo inagonga mbao, mbao inaegemea kigunia, mashua yenyewe haiguswi. Nilipomsikia niliona ni jambo tunalolijua tangu zamani. Kwetu baba wa msichana hamwambii baba wa mvulana neno gumu uso kwa uso. Anamwambia senge, yaani dada yake, naye senge analipeleka likiwa limepungua makali. Isipokuwa senge wetu sisi, Rispah, ambaye hulipeleka likiwa limetiwa pilipili, lakini huyo nitamfikia.

Mnaweza kuuliza, mashua ingekaribia gati gani? Chini ya shamba letu kuna bwawa. Walowezi walilichimba kwa ajili ya ng'ombe wao, na pembeni kuna gati fupi la nguzo ambalo sisi tulikuwa tukianikia nguo. Absalom alilitazama gati lile kwa macho mapya, na mimi nikajua nguo zangu zimefukuzwa.

Mbao alizochagua zilikuwa za kabati langu. Niliahidiwa kabati la vyombo wakati Dinah anatambaa. Dinah sasa alikuwa mwalimu wa nasari, na mbao za kabati zilikuwa bado zinangoja juu ya dari, mbao nzuri za Elgon tiki, nzito, nyekundu kidogo ndani.

"Kabati inaweza kungoja," Absalom akasema. "Imezoea."

Siku hiyo sikumpikia. Alikula ndizi za kwa jirani mwenye plau.

Lakini niseme ukweli, kazi aliifanya vizuri, na ndiyo sababu ilinikera zaidi. Alikata mbao nne, kila moja ndefu kumpita yeye. Alizipiga randa, akaziviringisha kingo mpaka zikawa laini kama zimelambwa na ndama. Alizitoboa kwa keekee mwisho huu na mwisho ule, kisha akazungusha msasa ndani ya matundu ili yasije yakakata kamba. Akazipaka oili ya trekta iliyotumika, akaziacha zinywe, akazipaka tena. Upande wa nje akapigilia vipande vya tairi kuukuu. Kiptanui alikuwa akija kutoka Kwanza kumwelekeza, na aliyemletea vyombo vya kazi alikuwa mwanawe, Rotich, kijana mrefu mpole aliyekuwa karani wa ushirika wa maziwa. Rotich alishika mwisho mmoja wa mbao, Absalom akashika mwingine, na Dinah akawaletea chai. Baada ya wiki chache niliona kwamba chai inapelekwa mara nyingi kuliko kiu ya watu watatu.

Siku moja nikasimama mlangoni nikauliza, "Na makasia?" Maana hata mimi nisiyejua kitu nilijua kwamba mashua haisukumwi kwa maombi.

"Pole pole, Mama Dinah," Absalom akasema. "Kwanza ulinzi."

Kisha ikaja habari ya mahali pa kuziweka. Kiptanui alikuwa na sheria nyingi kuliko shule. Mbao isilale chini, itanyonya maji. Isikae juani, itapasuka. Isiegemezwe ukutani, itapinda. Na isibebane na mwenzake, lazima hewa ipite katikati. Absalom aliuangalia ukuta wa nyumba yetu, akaliangalia banda la kuku, kisha macho yake yakatua mahali pamoja tu pale nyumbani palipokuwa na miguu, kivuli na hewa. Stoo yangu ya mahindi.

"Hapana," nikasema.

"Ni juu tu, kwa zile nguzo za juu."

"Hapana, Baba Dinah."

Zikaingia. Ili hewa ipite, akazitenganisha kwa magunzi ya mahindi, gunzi hapa, gunzi pale, kwa mpangilio wa mtu anayetega mitego. Na juu kabisa akaweka kamba zote za mashua, ati vitu vya safari visipotezane.

"Kamba zilale na magunzi?" nikamuuliza. "Na panya je?"

"Panya anakula mahindi, Mama Dinah. Hajawahi kula kamba."

Nikanyamaza. Wakati mwingine mwanamke hunyamaza ili Mungu aseme mwenyewe.

Mahali pa mashua, hilo hakuna aliyeuliza. Mbao zililala kivulini na hewani kama wageni wa heshima, na mashua yenyewe ikakaa juani karibu na zizi msimu baada ya msimu, inakauka.

Basi Rotich akaposa.

Hapa lazima niwaeleze jambo, kwa sababu watu wa Kwanza hawakulijua vizuri, na sisi tulidhani kila mtu analijua. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawaitani, hawatazamani machoni. Mkwe akija njiani, hukohoa, nawe mama unakata kona uingie kwenye mahindi. Si chuki, ni heshima. Na anayelinda heshima hiyo katika ukoo wetu ni senge Rispah, dada yake Absalom, anayeuza vikapu Misikhu. Rispah aliwahi kuvunja posa ya mpwa wake kwa sababu kijana aliketi akakunja nne mbele ya wazee. Msichana yule aliolewa baadaye na mtu wa mbali, na mpaka leo akimwona Rispah sokoni anavuka barabara.

Kwa hivyo nilitaka kitu kimoja tu. Siku ya posa ipite, Rispah asipate sababu, Dinah apate mtu wake. Alikuwa amenililia mapajani. "Mama, mimi ni huyu tu," aliniambia, na Dinah si mtoto wa kulia ovyo. Nikamwambia, "Nitajificha hata ndani ya mtungi."

Afadhali ningejificha ndani ya mtungi.

Siku ya posa ikawekwa Desemba ya themanini na nane, mahindi yakiwa yameshavunwa. Sisi tulisema saa nne, na kwetu saa nne maana yake ni watu wafike wakati nyama imeiva. Watu wa Kwanza waliposikia saa nne wakafika saa tatu, wamevaa makoti. Mimi wakati huo nilikuwa chini bwawani nasugua sufuria kubwa ambayo Rispah alikuwa ameikataa mbele ya wanawake wote, ati ina masizi ya mwaka jana.

Pale gatini mashua ilikuwa majini kwa mara ya kwanza. Absalom alikuwa ameamka kabla ya jogoo akaiteremsha na vijana, akaifunga kwa kamba, akavijaza vigunia matambara na kuviweka tayari, kwa sababu alitaka wageni wakishiba wateremke waione. Mbao tu ndizo zilikuwa hazijaletwa. Nasikia wageni walipoingia uani yeye hakuwauliza hata habari za njia. Alimwangalia Rotich, aliyevaa suti ya kuazima, akamwambia, "Wewe kijana unajua kuzifunga. Hebu peleka mbao kwa boti."

Kijana wa watu, angefanya nini? Baba mkwe amesema. Akaenda stoo, akajitwika mbao nne za Elgon tiki pamoja na kamba zake, akateremka njia ya bwawani. Wala hakukohoa. Kwao hawakohoi.

Mimi nikainua macho, nikaona suti inakuja.

Njia ni hiyo moja. Mahindi yalikuwa yamekatwa, shamba liko uchi, hata kuku hangeweza kujificha. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikaingia ndani ya mashua, nikalala chini upande wa mbele na kujifunika gunia tupu nililolikuta humo. Nikajisemea, ataziweka mbao atarudi.

Nikamsikia akitua mzigo. Nikamsikia akikifunga kigunia na mbao ya kwanza upande wa gati, polepole, fundo kwa fundo, akiimba wimbo wa kanisa. Kisha mashua ikainama. Alikuwa ameingia ndani na mbao zilizobaki ili afunge upande wa pili. Akavuta kamba ya mashua kuisogeza, na kamba ikakatika.

Ilikatika bila sauti. Ilikuwa imelala juu ya magunzi tangu mwaka juzi, na panya wa Tongaren walikuwa wamefanya kile Absalom alichosema hawajawahi kufanya. Upepo wa Elgon ukatusukuma. Nikasikia maji yanabadilika sauti chini ya mgongo wangu, na Rotich akisema, "Woi," kwa sauti ndogo sana.

Nikapiga chafya. Gunia lilikuwa la unga.

"Nani huyo?" akaruka, mashua ikayumba huku na huku, nami nikaona kifo changu kina suti ya kijivu.

Fikirieni hali yangu. Nikimjibu, nimezungumza na mkwe. Nisipomjibu, atatupindua. Mkono wangu ulikuwa umegusa kitu laini chenye mafuta, nikajua ni mbao mojawapo ya kabati langu.

"Wewe mbao," nikasema chini ya gunia, "mwambie huyo kijana akae chini kabla hajatumwaga."

Nikasikia anaketi.

"Mama? Mama Dinah ni wewe?"

"Mbao, mwambie asiniulize mimi. Mwambie akuulize wewe."

Namshukuru Mungu kijana alikuwa mwepesi.

"Mbao," akasema, "sasa salimia mama. Mwambie nimekosa. Mwambie sikujua ako hapa."

"Mbao, mwambie hata mimi sijui niko hapa kwa nini."

Tukaanza kupanga mambo yetu hivyo. Aliomba kupitia mbao nifumbe macho, nikafumba. Akaisimamisha mbao moja kwa ubavu, ikikingama mashua kutoka ukingo hadi ukingo kati ya viti vyake viwili, nami nikatoa gunia langu akalitundika juu yake. Tukawa na ukuta. Mimi mbele nimeangalia Tongaren, yeye nyuma ameangalia Kwanza. Nikaketi, nikapumua, nikafumbua macho, nikatafuta kasia.

Kasia halikuwapo. Kwanza ulinzi.

"Mbao," akasema Rotich, "mwambie mama zimebaki mbao mbili. Moja ni yake. Tupige nayo maji."

Akanipitishia moja kando ya ukuta bila kugeuka. Nikapiga maji kulia. Yeye akapiga kulia. Mashua ikazunguka kama ng'ombe anayepura nafaka, tukarudi pale pale. Nikapiga kushoto. Yeye naye, kwa adabu, akapiga kushoto. Tukazunguka upande mwingine.

Hapo ndipo ukoo mzima ulipoteremka. Mtu alikuwa ametuona. Walijipanga ukingoni, wazee wa Kwanza na makoti yao, wanawake wa kwetu na miiko yao, Dinah ameshika kichwa. Kila mmoja akapiga kelele ya moyo wake.

"Piga moja moja!" Kiptanui aliita. "Huyu kulia, huyu kushoto!"

"Mbao zangu!" Absalom aliita. "Hizo si za kupiga maji, bana! Mtatoa ile tairi!"

Na juu ya sauti zote, senge Rispah. "Mama Dinah! Uko na nani huko ndani?"

"Niko na mbao!" nikajibu.

"Na hiyo suti ni ya mbao?"

Sikumjibu, kwa sababu wakati huo nilihisi maji kwenye vidole vya miguu. Mashua iliyokaa juani mpaka mbao zake zikaachana haiwezi kusamehe siku moja. Uzito wetu wawili ulikuwa umezamisha nyufa zilizokuwa juu ya maji, na maji yalikuwa yanaingia kwenye kila moja. Mimi sijui kuogelea. Mama yangu hakujua, nyanya yangu hakujua, tulipata wapi? Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa mpaka nikaacha kupiga maji, nikakumbatia ile mbao.

"Mbao," nikasema, na sauti yangu sikuitambua, "mwambie kijana maji inaingia."

"Mbao, mwambie mama nimeona." Nikasikia anasogea. "Mwambie hata mimi siwezi kuogelea. Lakini mimi ni mzito. Nikikaa huku nyuma kabisa, mbele inainuka, maji haimfikii. Asiogope. Apige kulia tu. Mimi napiga kushoto. Mwambie tutafika."

Kweli upande wangu ukainuka. Maji yakatoka vidoleni mwangu. Nikapiga kulia, yeye akapiga kushoto, naye akaanza tena ule wimbo wa kanisa ili tuende pamoja, na mimi nikaudakia, maana kuimba si kuzungumza. Tukaja. Tulikuja kombo, tulikuja kwa haraka kuliko tulivyotaka, gati likatujia na nguzo zake zote, wanawake wakapiga mayowe, nikafumba macho.

Tukagonga. Ilikuwa sauti nzito iliyonyamaza mara moja, kama mtu anayetua gunia la mahindi. Ile mbao moja aliyokuwa ameifunga upande wa gati, fundo kwa fundo, ilikuwa imepokea nguzo, kigunia kikaipokea mbao, na mashua haikukwaruzwa hata kidogo.

"Mmeona?" Absalom aliruka. "Mmeona hiyo? Haijaguswa! Kiptanui, haijaguswa!" Wakakumbatiana, wazee wawili, huku mimi natolewa na wanawake kama nguo iliyoanguka majini.

Lakini Rispah hakuruka. Alisimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Nimekuja mbari kwa heshima ya kabira yetu," akasema, maana l zake nyingine hugeuka r. "Mama mkwe na mkwe, mahali pamoja. Hapa naona hakuna ndoa. Watu wa Kwanza watatusamehe."

Nikamtazama Dinah. Hakulia. Alikuwa amekauka uso kama mtu anayesikia jina lake likisomwa kati ya waliofeli. Nikaona afadhali nifedheheke mimi kuliko yeye avuke barabara maisha yake yote.

"Senge," nikasema, "niulize swali, nikujibu mbele ya watu."

"Mliongea?"

"Sikuongea naye. Niliongea na mbao."

"Na yeye?"

"Aliongea na mbao."

"Mlitazamana?"

"Kati yetu kulikuwa na mbao. Angalia, bado iko."

Wote wakaangalia. Ukuta wetu ulikuwa umesimama, gunia limening'inia.

"Mlikalia kiti kimoja?"

"Boti ina viti viwili," Absalom akadakia. "Nilinunua nikijua."

Rispah akateremka gatini, akachungulia ndani. Akaigusa mbao, akaipapasa kingo zake, akanusa oili kidoleni. Huyu mwanamke nilimwogopa miaka yote ya ndoa yangu, na hata pale nilikuwa namwogopa. Lakini si mwongo. Heshima kwake ni heshima, hata ikitoka mahali pa kijinga.

"Yaani," akasema polepole, "kijana anataka neno, anaambia mbao. Mama anataka neno, anaambia mbao. Mbao inapeleka."

"Ndiyo, senge."

"Haikuongeza neno?"

"Hata moja."

Akaifuta ile oili kidoleni. Nadhani hilo lilimchoma.

"Basi mbao ilikuwa mshenga," akasema. "Na mshenga akifanya kazi, anaketi na wazee, anapewa nyama."

Ndivyo ilivyokuwa. Mbao ya kabati langu ilipandishwa nyumbani, ikaingizwa kupitia mrango, kama Rispah alivyouita mlango, ikaegemezwa kwenye kiti kati ya Kiptanui na Absalom, ikawekewa sahani ya nyama na firigisi juu. Kiptanui alimnong'oneza Absalom kwamba mbao haifai kuegemezwa, itapinda. Mazungumzo ya ng'ombe wa mahari yakaenda vizuri. Nyama ya mbao aliila Rispah, kwa niaba.

Mimi nilikuwa jikoni, nimebadilisha nguo. Nguo yangu ilikuwa imelowa kwenye pindo tu, upana wa vidole vinne. Nikachungulia dirishani nikamwona Rotich anavuka ua kwenda kukaa juani nyuma ya stoo. Nilimwona mgongo tu, ndiyo ruhusa niliyokuwa nayo. Suti ya kuazima ilikuwa imelowa mpaka mbavuni. Alikuwa ameketi ndani ya maji njia yote ile, akiimba, ili mimi nikae juu. Nilitaka kumwita, nikamwambie asante, mwanangu. Nikarudi kukoroga ugali, kwa sababu hairuhusiwi.

Walioana, wakakaa Kitale. Kila Rotich akija kututembelea alianzia kwenye stoo. Siku hizo alishajifunza kukohoa. Anakohoa, anasimama chini ya stoo, anasema kwa sauti ya kufika jikoni, "Mbao, hamjambo? Salimia mama. Mwambie Dinah ako sawa. Mwambie mtoto amekaribia." Nami jikoni nasema, "Mbao, mwambie apeleke Dinah hospitali mapema, asingoje." Majirani walipita wakatuzoea. Absalom alitengeneza kasia moja, hakumaliza la pili. Kamba sasa zinaning'inia peke yazo msumarini, na magunzi yametolewa.

Mtoto alipofikisha miaka miwili Rispah akasema sasa imetosha. Kwetu kuna siku ya kufungua. Mkwe analeta blanketi, mama anatoa kuku, wanashikana mikono mbele ya watu, na kuanzia hapo wanaweza kuzungumza kama binadamu wengine. Watu wakakusanyika uani. Blanketi likanifunika mabega, kuku akapokelewa. Tukashikana mikono. Mkono wake ulikuwa na alama ngumu za kalamu, wangu za jembe. Nikainua macho nikamtazama uso kwa karibu kwa mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Sikulijua.

"Haya," akasema Rispah, "ongeeni. Mrango umefunguliwa."

Rotich akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilikuwa na neno langu tangu siku ile ya bwawa, nimelibeba miaka yote hiyo, na sasa limekwama. Watu wakangoja. Mtoto akacheka. Nikatazama chini, nikaangalia juu, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Baba Dinah," nikasema, "lete mbao."

Akaikimbilia. Tukaishika kati yetu, mkwe mwisho huu, mimi mwisho ule, mtoto amekaa katikati.

"Mbao," nikasema, "mwambie mwanangu asante. Mwambie niliiona ile suti."